Shoga, Hiyo Siyo Kamera

Wadogo zangu, leo kona yetu ni ya vipimo vya picha, maana maswali yamekuwa mengi na kila moja linakuja na hofu yake. Mmoja ananiuliza: "Dada, nimeambiwa ninywe lita nzima ya maji nibane mkojo mpaka niitwe, na foleni yenyewe unaijua. Ni lazima au ni mateso tu?" Mwingine wifi yake kamwambia altrasaundi inamchoma mtoto tumboni. Wa tatu ana pesa zake na hataki mchezo: daktari kamwandikia altrasaundi ya uvimbe kwenye kizazi, yeye anataka sitiskani, "kwa sababu ndiyo kubwa".

Maswali haya yote yana mzizi mmoja. Tunadhani mashine ya hospitali ni kamera yenye macho makali, kwamba ukilipa zaidi itaona zaidi. Mashine haina macho, mwaya. Ukichagua nazi sokoni huioni ndani; unaitikisa karibu na sikio, unasikiliza, unaamua. Mashine za picha nazo hutuma kitu mwilini, hupokea kinachorudi au kinachotokeza upande wa pili, kisha kompyuta hupiga hesabu na kuchora. Ukilijua hilo, masharti yote ya wale watu wenye makoti meupe yanaanza kueleweka, na utajua lipi la kutii bila kuuliza na lipi la kuulizia.

Tuanze na altrasaundi, ndiyo inayotuhusu wengi.

Kile kidude anachokupitishia tumboni kina vipande vyembamba vya kauri. Ukivipa umeme vinatetemeka, na vikitetemeshwa vinatoa umeme. Tabia hiyo ya baadhi ya fuwele ilionyeshwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kwa hiyo kidude hicho hicho ndicho kinachopiga sauti na ndicho kinachosikiliza. Kinapiga kwa kitambo kifupi mno, kisha kinanyamaza na kutega sikio kwa muda mrefu zaidi. Sauti yenyewe huisikii: sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, wakati altrasaundi ya tumbo hutumia kati ya milioni 2 na milioni 5.

Sauti hiyo hupita kwenye nyama laini kwa mwendo wa mita kama 1,540 kwa sekunde. Ikikutana na mpaka, tuseme ukuta wa kizazi au mfupa wa paja la mtoto, sehemu yake hurudi. Mwangwi kutoka kina cha sentimita 10 huchukua sehemu 130 kati ya milioni za sekunde moja kwenda na kurudi. Mashine haijui kitu kingine zaidi ya muda huo na nguvu ya mwangwi. Inazidisha muda kwa 1,540, inagawa kwa mbili, inaweka nukta hapo. Mwangwi mkali, nukta nyeupe. Kimya, nukta nyeusi. Ndiyo maana maji ya uzazi, mkojo na uvimbe wa maji huonekana vyeusi: ndani yake hakuna mpaka wa kurudisha sauti.

Sasa tazameni ujanja uliomo. Mashine *inadhani* mwendo ni 1,540 kila mahali. Kwenye mafuta sauti huenda polepole kidogo, karibu 1,450, kwa hiyo vitu vilivyo nyuma ya tabaka nene la mafuta huchorwa mbali kidogo kuliko vilipo. Tena sauti huchoka njiani. Kwa mitetemo milioni 3.5, mwangwi wa kutoka kina cha sentimita 10 huwa umepoteza nguvu zaidi ya mara 3,000 kwa safari yake tu, hata hatujahesabu kiasi kilichopita bila kurudi. Bila kurekebisha, picha ingekuwa na mwanga juu na giza chini. Kwa hiyo mashine huikuza miangwi kadiri inavyochelewa, iliyotoka mbali ikikuzwa zaidi, na mtaalamu hurekebisha kwa vile vitufe vya kusogeza vilivyopangwa safu kwenye meza ya mashine. Akivisogeza vibaya, ini zima laweza kuonekana jeupe kuliko lilivyo. Mkono wa anayepima una uzito kuliko bei ya mashine, na hili nalisema bila kumung'unya maneno.

Haya, maji na mkojo. Adui mkubwa wa altrasaundi ni hewa. Sauti ikitoka kwenye nyama na kukutana na hewa, zaidi ya asilimia 99 hurudi pale pale; mbele ya hapo hakuna picha. Ile jeli ya baridi mnayoilalamikia kazi yake ni kufukuza hewa kati ya kidude na ngozi. Na kibofu kilichojaa husukuma pembeni utumbo wenye gesi, kikaacha dirisha la maji ambalo sauti hulipita bila shida hadi kwenye kizazi. Kwa hiyo mimba ikiwa changa, au ukipimwa kizazi kupitia tumboni, kunywa maji na ubane. Siyo mateso. Lakini mimba ikishakuwa kubwa, maji ya uzazi yenyewe yanatosha, na mara nyingi hakuna haja ya kujitesa. Uliza kabla hujaanza kunywa: "Kipimo changu kinahitaji kibofu kijae?" Swali hilo ni halali kabisa.

Kwa kipimo cha mfuko wa nyongo mambo ni kinyume: nenda na njaa, saa kama sita hivi. Ukila, hasa vyenye mafuta, mfuko hujikunja kumwaga nyongo, na mfuko uliojikunja haupimiki vizuri. Chai ya maziwa nayo ni chakula, tafadhali. Najua mtasema "si kikombe tu".

Kuna na lile la kuwekewa kidude ukeni, ambalo wengi mnaniandikia kwa aibu. Kanuni yake ni hii: mitetemo ikiwa mingi zaidi picha huwa na undani zaidi, ila sauti huchoka upesi. Kupitia tumboni lazima watumie mitetemo michache ili ifike mbali. Wakikaribia kizazi kwa ndani, wanaweza kuipandisha hadi milioni 5 mpaka 9 na kuona mimba ya wiki chache ambayo kwa juu isingeonekana. Ni fizikia, siyo utovu wa adabu. Hata hivyo, una haki ya kuomba mhudumu wa kike au ndugu akae nawe, na kidude kivikwe kifuniko kipya mbele ya macho yako. Asiyekubali hilo, ondoka.

Wifi tumjibuje? Altrasaundi haina mionzi. Ni sauti. Lakini simcheki, kwa sababu hofu yake ina historia, ila ni historia ya kipimo kingine. Miaka ya nyuma wajawazito walipigwa eksirei za tumbo. Mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Oxford alieleza kwamba watoto waliokufa kwa saratani walikuwa mara nyingi zaidi wale ambao mama zao walipigwa eksirei wakiwa na mimba yao. Ilichukua miaka mingi kusikilizwa. Wakati huo huo Glasgow, daktari wa uzazi Ian Donald alikuwa akijaribu vifaa vilivyotengenezwa kutafuta nyufa kwenye vyuma, na mwaka 1958 yeye na wenzake John MacVicar na mhandisi Tom Brown wakachapisha kazi yao ya kuona uvimbe na mimba kwa sauti. Tumeponea hapo.

Hata sauti, hata hivyo, ni nguvu, na nguvu ikimezwa na mwili hugeuka joto kidogo. Ndiyo maana kwenye kioo kuna tarakimu za kumwonya mpimaji, na ndiyo maana Dopla haichezewi kwa muda mrefu kwenye mimba changa. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri angalau altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Ukihitaji zaidi kwa sababu ya kitabibu, fanya bila woga. Kwenda kila mwezi kutafuta picha ya kuweka kwenye stetasi, hapana.

Nimetaja Dopla. Ule mdundo wa haraka unaousikia chumbani ukatokwa na machozi, siyo sauti ya moyo iliyokuzwa. Sauti ikigonga damu inayokwenda, hurudi na mitetemo iliyobadilika kidogo. Damu ya mwendo wa nusu mita kwa sekunde hubadilisha mitetemo milioni 3.5 kwa takribani 2,300, na idadi hiyo, kwa bahati njema tu, iko ndani ya uwezo wa sikio. Mashine inatoa tofauti hiyo na kuipeleka kwenye spika. Lieni tu, ni mtoto wenu bado. Lakini mashine hiyo hiyo ndiyo inayomwonyesha daktari kama damu inapita vizuri kwenye kitovu cha mtoto asiyekua, na hapo ndipo thamani yake ilipo.

Jambo moja zaidi la altrasaundi, na hili andikeni. Altrasaundi ya kwanza ndiyo inayoaminika zaidi kwa tarehe ya kujifungua. Miezi mitatu ya mwanzo watoto wote hukua karibu sawa, na kumpima urefu hukupa umri kwa makosa ya siku 5 hadi 7. Baada ya wiki 28 kila mtoto ana mwili wake, mmoja wa baba mrefu, mwingine wa mama mfupi, na makosa hufika wiki tatu. Kwa hiyo tarehe zikigongana, usihesabu upya kwa ile ya mwisho. Hifadhi ile karatasi ya kwanza pamoja na kadi ya kliniki. Na uzito wa mtoto unaoambiwa mwishoni ni hesabu iliyofanywa kutokana na kichwa, tumbo na mfupa wa paja. Unaweza kukosea asilimia 10 hata 15 huku au kule. Mtoto wa "kilo 4" anaweza kutoka na kilo 3.5, na mama mkwe akabaki kuuliza nusu kilo imeenda wapi.

Sasa wewe mwenye pesa zako na sitiskani.

Eksirei ya kawaida ni kivuli: mionzi inapita mwilini, mfupa unaizuia zaidi, nyama kidogo, hewa karibu haiizuii. Tatizo ni kwamba kila nukta ya kivuli ni jumla ya vyote vilivyokuwa njiani, moyo juu ya uti wa mgongo, mbavu juu ya pafu. Sitiskani ni ufumbuzi wa kuifumua jumla hiyo. Chukueni kalamu. Chora visanduku vinne, viwili juu, viwili chini, kila kimoja na namba iliyofichwa. Nakwambia jumla ya juu ni 5, ya chini 9, ya kushoto 6, ya kulia 8. Unaweza kusema ni 2 na 3 juu, 4 na 5 chini. Mwenzako atasema ni 1 na 4 juu, 5 na 4 chini, naye yuko sahihi. Nikiongeza kwamba ukipita mshazari kutoka juu kushoto jumla ni 7, mwenzako anaanguka, umebaki wewe. Ndiyo maana sitiskani huzunguka: bila kukuangalia kutoka pembe nyingi, majibu huwa mengi. Badala ya visanduku vinne ina mamia ya maelfu kwa kila kipande cha mwili.

Hesabu yenyewe ilitatuliwa mwaka 1917 na Johann Radon wa Austria, aliyekuwa hawazii hospitali hata kidogo. Miaka ya hamsini Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, akiwa mwalimu wa fizikia Cape Town, aliombwa kusaidia hospitali ya Groote Schuur kwenye tiba ya mionzi, akaanza kujiuliza swali lile lile bila kujua kuna aliyelijibu. Alichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyemjali. Mashine ikaja kutengenezwa Uingereza na Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI, ile ile ya kuuza santuri, mtu ambaye hakuwahi kusoma shahada ya chuo kikuu. Mgonjwa wa kwanza, mwanamke, alipigwa London tarehe 1 Oktoba 1971. Mwaka 1979 Hounsfield na Cormack wakagawana Nobeli. Mwafrika wa Kusini mmoja na hesabu zake za jioni, na bado watu wanasema fizikia haina kwetu.

Lakini kufumua jumla kuna gharama. Eksirei moja ya kifua hukupa dozi kama milisiveti 0.1. Sitiskani ya tumbo hufika 8 hadi 10, karibu mara mia. Mwanadamu wa kawaida hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, kwa hiyo siyo sumu ya kukuua kesho. Ni hatari ndogo ambayo haifai kulipiwa bila faida. Na kwa uvimbe wa kizazi faida hiyo haipo. Kizazi na uvimbe wake huizuia mionzi karibu sawasawa, sitiskani haivitenganishi vizuri, wakati sauti inaona mpaka kati yao. Daktari wako hakukunyima kikubwa, mdogo wangu. Amekupa kinachojibu swali.

Kwa upande mwingine, mtu akianguka na bodaboda akapoteza fahamu, au mzazi akapinda mdomo ghafla na mkono ukalegea, hapo msijadili dozi. Fuvu la mtu mzima huzuia sauti, altrasaundi haina la kusema, na sitiskani huonyesha kwa dakika chache kama kuna damu iliyovuja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumuua mwenye damu inayovuja. Kimbieni.

Na msipige filamu ya sitiskani kwa simu mkamtumia binamu yenu daktari kwenye WhatsApp. Kompyuta imekipa kila kisanduku namba, maji 0, hewa hasi 1,000, mfupa mamia kadhaa na zaidi. Jicho haliwezi kuona tofauti zote hizo kwa mara moja, kwa hiyo daktari hufungua sehemu ya mapafu, akafunga, akafungua ya mifupa, akapitia mamia ya vipande. Filamu uliyopewa ni uteuzi mdogo tu. Omba CD yenye picha zote pamoja na ripoti iliyoandikwa, na unapokwenda kupimwa tena peleka za zamani. Kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa mwaka jana kunasaidia kuliko mashine mpya.

MRI nitaipitia kwa ufupi, ingawa kwa uzuri wa akili ndiyo inayozishinda zote. Haina mionzi ya eksirei. Ni sumaku, mara nyingi ya tesla 1.5, makumi ya maelfu ya mara kuliko ile ya dunia inayogeuza dira, na inaathiri haidrojeni iliyomo kwenye maji na mafuta ya mwili. Ukiipigia mawimbi ya redio ya megahezi 64, chini kidogo ya stesheni za FM, haidrojeni hujibu kwa mawimbi yale yale. Lakini jibu limetoka wapi, goti au kifundo? Paul Lauterbur, mwaka 1973, alionyesha kwamba ukiifanya sumaku iwe na nguvu zaidi upande mmoja, kila mahali hujibu kwa masafa yake. Peter Mansfield akaendeleza hesabu na kuharakisha upigaji, wakapewa Nobeli mwaka 2003. Kompyuta hupokea masafa yote yakiwa yamechanganyika na kuyatenga kwa hesabu ya Joseph Fourier, Mfaransa aliyekuwa akichunguza joto zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Kutokana na hapo yanakuja masharti mawili. Kila kipande cha data kinabeba habari za picha nzima, siyo za kona moja, kwa hiyo ukijitingisha kidogo tu huharibu kote. Tulia, ukiwa na kikohozi sema kabla. Zile kelele za kugongagonga ni koili zinazowashwa na kuzimwa haraka ndani ya sumaku. Omba vya kuzibia masikio. La pili ni chuma. Sumaku ile haizimwi usiku, hata watu wakienda nyumbani. Pini ya hijabu, kibanio cha nywele, saa, vyote nje. Kama una kifaa cha moyo, kitanzi, au kipande cha chuma kilichowahi kuingia jichoni kwa kuchomelea, sema hata kama hujaulizwa.

Sumaku hizo nyingi hupozwa kwa heliamu ya kimiminika ya nyuzi hasi 269, na ndiyo sababu moja zimekuwa chache kwetu. Ndipo ninapofurahishwa na kazi ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbarara, Uganda, ambako mwaka 2022 waliunganisha wenyewe, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, MRI ya sumaku ndogo za kudumu isiyohitaji heliamu. Nguvu yake ni kama tesla 0.05 tu. Mnong'ono wa mwili ni hafifu hapo, na hesabu za kuchuja kelele ndizo zinazobeba mzigo. Lengo lao ni watoto wenye maji kichwani, na kwa kuona maji kichwani huhitaji picha ya kupendeza.

Hilo linanifikisha kwako, mama uliyeniuliza kuhusu mtoto wa miezi minne ambaye kofia hazimwenei tena, na majirani wanakwambia ni akili nyingi. Usisubiri MRI na usiuze shamba kwa ajili ya sitiskani. Utosi wa mwanao bado uko wazi, mfupa haujafunga, na sauti inapita hapo bila kizuizi. Altrasaundi ya kawaida kupitia utosini inaonyesha kama maji yamejaa kwenye ubongo, bila mionzi na bila kumlaza kwa dawa. Nenda kliniki wiki hii, mwambie muuguzi apime mzunguko wa kichwa na auchore kwenye kadi, kisha omba rufaa ya kipimo hicho kwa jina lake. Kama anatapika, au macho yake yanatazama chini muda wote, usingoje wiki. Nenda leo.